Muulize Injinia: Mlango wa kuingia uzamili, na ule wa kutokea

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za uzamili wa uhandisi wa umeme. Nimechagua nne. Wenye maswali ya tokeni zinazoisha mbio na friji zinazoungua mtanisubiri toleo lijalo.

*Mama Injinia, hujambo. Nilimaliza shahada ya uhandisi wa umeme na elektroniki mwaka 2019, nikapata daraja la pili la chini. Tangu hapo nafanya kazi na kampuni moja ya hapa Industrial Area, tunafunga sola kwenye paa za viwanda na shule. Wenzangu wananiambia bila daraja la pili la juu nisahau uzamili. Ni kweli? Na nikiupata, utanisaidia kusajiliwa kuwa mhandisi? Pesa za kuchezea sina, kwa hivyo nipe ukweli wote.*
*Fundi wa Paa, Umoja*

Mwanangu, wenzako wamesoma kanuni nusu wakafunga kitabu. Katika vyuo vyetu vya umma vinavyofundisha uzamili huu, mtu wa daraja la kwanza au la pili la juu huingia moja kwa moja. Wa daraja la pili la chini huingia akiwa na uzoefu wa kazi katika fani hiyo, na kiwango cha kawaida ni miaka miwili kwenda juu. Wewe unayo zaidi ya hiyo. Kinachobaki ni kuithibitisha, na hapo ndipo watu wa aina yako huangushwa na waajiri wao bila kujua.

Nimekaa kwenye meza zinazosoma maombi haya. Barua ya mwajiri inasema: "Ni kijana mwaminifu, mwenye bidii na anayefika kazini mapema." Hiyo mpelekee baba mkwe. Idara inataka kujua ulisanifu nini: mfumo wa kilowati ngapi, ulichagua vipi ukubwa wa nyaya na inveta, ulipima nini baada ya kuwasha, ulitengeneza kinga gani ya hitilafu. Kaa na bosi wako, mwandikie rasimu wewe mwenyewe, yeye atie sahihi na muhuri. Pamoja na hiyo weka cheti cha shahada, transkripti, cheti cha KCSE, kitambulisho, na barua mbili za mapendekezo, moja ikitoka kwa mhadhiri aliyekufundisha na anayekumbuka sura yako. Mtafute sasa. Ukimwandikia usiku wa kuamkia siku ya mwisho utapata barua ya mistari mitatu.

Kuhusu kusajiliwa, nikwambie wazi ili usije ukalipa karo kwa sababu isiyo yake. Kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, njia inaanzia kwenye shahada ya kwanza inayotambuliwa na Bodi ya Wahandisi. Unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miaka mitatu, kisha unakwenda mbele ya watahini wa taaluma. Uzamili haukurushi hatua yoyote kati ya hizo. Kama hujajisajili hata kama mhandisi mhitimu, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii, kabla ya fomu yoyote ya chuo.

Sasa kwa nini uusome basi? Kwa sababu kuna kazi ambazo shahada ya kwanza inakufikisha mlangoni tu: kupanga gridi, kusanifu kinga za stesheni za umeme, kufundisha chuoni, ushauri wa miradi mikubwa. Na kwa sababu umechoka kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa inveta bila kujua yametoka wapi. Kama hiyo ya pili haikukeri hata kidogo, weka pesa zako ununue mashine ya kupimia umeme iliyo bora.

Masomo yenyewe ni miaka miwili kwa karatasi. Mwaka wa kwanza ni yuniti: mifumo ya umeme ya hali ya juu, elektroniki za nguvu, udhibiti, mawimbi na mawasiliano kulingana na mkondo utakaochagua, pamoja na mbinu za utafiti. Chini ya yote hayo kuna hesabu. Mtu aliyekaa kwenye paa tangu 2019 amesahau matriki, yale majedwali ya namba, na matriki hazijamsahau. Anza kuzipitia Jumapili jioni, maana mhadhiri atakapoandika mbinu ya Newton-Raphson ubaoni kutafuta volteji za gridi hatasimama kukueleza namna ya kugeuza matriki. Watu wa kazini husoma jioni au wikendi pale chuo kinaporuhusu, na ukitoka Industrial Area saa kumi na moja kuelekea mjini unajua mwenyewe msongamano ulivyo. Mikopo ya HELB haiko kwa wa shahada ya kwanza peke yao. Uliza ile ya wanafunzi wa uzamili.

Mwaka wa pili ni tasnifu. Nimegundua kwamba karibu kila anayeniandikia anauliza masharti ya kuingia, na karibu kila anayekwama amekwama kwenye masharti ya kutoka. Kwa hiyo nakupa ushauri ambao hukuuomba: chagua swali la tasnifu kabla ya kuchagua chuo. Na wewe unalo tayari, limelala kwenye simu yako. Zile inveta ulizofunga zinarekodi umeme uliozalishwa na volteji kila baada ya dakika chache. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuomba kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa. Je, siku ya Jumapili, kiwanda kimefungwa, jua ni kali, volteji kwenye fida ile, yaani laini inayogawa umeme mtaani hapo, inapanda kiasi gani? Mafundi mnajibu kwa kukisia. Ukimpelekea msimamizi kurasa tatu zenye swali hilo, pamoja na ruhusa ya maandishi ya mwajiri kutumia data hiyo, daraja lako la pili la chini litasahaulika kabla chai haijapoa.

*Injinia, nina diploma ya juu ya umeme, na sasa namalizia shahada ya teknolojia ya uhandisi wa umeme hapa mjini. Naweza kwenda uzamili wa uhandisi nikawa mhandisi kamili?*
*Msomaji wa Kawangware*

Ndugu yangu, hayo ni maswali mawili na majibu yake hayafanani. Uzamili unaweza kukubaliwa, idara ikiridhika na yuniti ulizosoma, ingawa huenda ikakuongezea kadhaa za shahada ya kwanza kwanza. Usajili ni mambo mengine. Wahitimu wa teknolojia wana bodi yao, iliyoundwa kwa Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016, na huko ndiko unakosajiliwa. Ukiweka uzamili juu ya shahada ya teknolojia, Bodi ya Wahandisi bado itauliza shahada ya kwanza. Usimwamini wakala yeyote anayekuambia kuna njia ya mkato.

*Kwako Mama Injinia. Nilimaliza yuniti zote mwaka 2021, alama nzuri tu. Tangu wakati huo niko kwenye tasnifu. Mada yangu ni kutafuta mahali bora pa kuweka mitambo midogo ya kuzalisha umeme kwenye mtandao wa nodi 33, kwa kutumia algoriti ya kompyuta. Msimamizi wangu ni mtu mzuri lakini hajibu. Namtumia barua pepe, kimya. Namtumia ujumbe wa simu, alama mbili za buluu, kimya. Nilijifungua katikati, nikapumzika kidogo, nikarudi. Sasa ofisi inasema muda wangu unaelekea kuisha. Nimechoka hata kupita karibu na lango la kampasi. Nifanye nini?*
*Mama wa Mapacha, Kahawa West*

Dada yangu, pole, na hongera ya mapacha. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa sababu ni wengi walioniandikia hivyohivyo, kasoro mapacha.

Muda ndio unaoweza kukutoa kabisa, kwa hiyo tuanze nao. Soma kanuni za uzamili za chuo chako, zile halisi zenye nambari za vifungu, uone kikomo ni miaka mingapi na maombi ya kuongezewa muda yanapelekwa kwa nani. Uzazi ni sababu inayosikilizwa ikiwa imeandikwa. Ambatisha hati za hospitali, ratiba ya miezi iliyobaki, na sura ulizokwisha andika. Kama hukuandika chochote wakati unapumzika, andika sasa, usingoje ofisi ikuulize.

Msimamizi anayekaa kimya kwa kawaida si adui. Ana wanafunzi wengi, anafundisha yuniti kadhaa, anasimamia mitihani, na ujumbe wako unasema: "Daktari, naomba mwongozo." Huo haujibiki. Nilipokuwa nasimamia nilikuwa nafungua kwanza ujumbe wenye kurasa sita na swali moja: "Nimetumia modeli hii ya mzigo badala ya ile, je, utaikubali?" Mpelekee hivyo, mara moja kwa wiki mbili, siku ileile. Kila mnapokutana, jioni hiyo mwandikie mistari mitano ya mliyokubaliana. Baada ya miezi miwili ya ukimya utakuwa na karatasi za kumwonyesha mwenyekiti wa idara. Kwa kawaida una wasimamizi wawili. Mwandikie na huyo wa pili, ambaye wanafunzi wengi humkumbuka siku ya kutafuta sahihi. Kubadilishiwa msimamizi kunaruhusiwa, lakini kunakula muda, na wewe huna.

Sasa mada. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Mtandao huo wa nodi 33, yaani mfano wa karatasini wenye vituo 33 vinavyounganishwa kwa laini, ulichapishwa na Baran na Wu huko Marekani mwaka 1989. Mzigo wake, yaani umeme unaotumiwa na wateja, ni kilowati 3,715, volteji yake kilovolti 12.66, na umeme unaopotea kwenye laini kabla hujafanya lolote ni kilowati 202 na ushei. Nazijua hizo namba kwa moyo kwa sababu nimezisoma kwenye tasnifu moja baada ya nyingine. Huyu ametumia algoriti ya kundi la ndege, yule ya sisimizi, mwingine ya nyangumi, na wote wamepunguza upotevu kwa asilimia kadhaa kwenye laini isiyokuwako. Sisi fida zetu ni za kilovolti 11 na 33. Hakuna fida ya 12.66 kutoka Kahawa hadi Kibwezi. Mtandao huo una kazi yake: unakusaidia kuhakikisha kwamba programu yako inahesabu sawa, kwa kulinganisha na majibu ya wengine. Baada ya hapo mtahini atakuuliza, "Na hapa kwetu?" Ni vema jibu liwe kwenye sura ya nne.

Usitupe kazi yako. Iache nodi 33 iwe sura ya uthibitisho, kisha ongeza fida moja ya kweli. Moja inatosha. Unahitaji barua ya idara, kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ombi kwa wenye laini ambalo limetaja vitu kwa majina: urefu wa kila kipande, aina na unene wa waya, uwezo wa kila transfoma, na mzigo wa kila nusu saa kwa mwezi mmoja. Ombi la "data ya gridi" hukaa kwenye trei mpaka karatasi ibadilike rangi. La vitu vinne fundi mmoja anaweza kulijibu mchana mmoja. Wakikataa kutaja eneo, kubali kuiita fida A. Na wakikunyima kabisa, tembea na msaidizi ukihesabu nguzo na kusoma vibao vya transfoma. Mtu wa kitengo changu cha zamani cha relei, vile vifaa vya kugundua hitilafu kwenye laini, aliwahi kufanya hivyo kwa mguu, na watahini walimpenda kwa ajili ya sura hiyo.

Kama unatumia programu ya kuazima inayoisha leseni, hama. OpenDSS ni ya bure, na ukijua Python kidogo, pandapower nayo ni ya bure. Zote zinatosha kwa fida moja.

Kisha panga safari ya kutoka ukianzia mwisho. Vyuo vingi vinadai uwe na makala iliyochapishwa au kukubaliwa kabla ya kuwasilisha. Uliza kama chuo chako kinahesabu ya mkutano, kwa mfano PowerAfrica ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, au kinataka jarida peke yake. Jarida linalokuahidi kuchapisha baada ya siku nne ukilipa ni mtego, na idara nyingi zina orodha ya yale zinayoyakataa. Kabla ya kuwasilisha kuna notisi ya nia, mara nyingi miezi kama mitatu mbele, na watu husahau karatasi hiyo wakakosa mahafali ya mwaka mzima. Kuna kipimo cha kunakili, kwa hiyo sura ya pili uliyoiandika 2021 kwa kuunganisha aya za watu iandike upya kwa maneno yako. Kisha watahini wa ndani na wa nje, kisha utetezi wa mdomo.

Huo utetezi unaogopwa kuliko inavyostahili. Mtahini wa nje haji kukuuliza algoriti inavyokwenda, ameisoma. Atakuuliza ni kwa nini ulichagua mzigo huo, kwa nini hukuangalia saa za usiku, na matokeo yako yana maana gani kwa mtu aliyekaa kwenye chumba cha udhibiti. Jiandae kwa mifano ya hapa. Ukizungumzia mitambo midogo mtu atakuuliza na ile mikubwa: upepo wa Turkana, mitambo 365 na megawati 310, unateremka kwa laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha Suswa, na Suswa hiyohiyo ndipo laini ya DC (mkondo mnyoofu) kutoka Ethiopia inapoishia baada ya kilomita 1,045. Ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilipokuwa gizani, wanafunzi wangu waliokuwa wameandika kuhusu uthabiti wa gridi walipigiwa simu na shangazi zao wote. Wale wa nodi 33 hakuna aliyewauliza kitu.

Niandikie tena ukishapata jibu la kuongezewa muda. Ukinyimwa, niandikie upesi zaidi.

*Mama mwenzangu, binti yangu amemaliza uhandisi wa umeme kwa wastani wa alama 64, daraja la pili la juu. Anataka Ujerumani kwa sababu amesikia masomo huko ni bure. Baba yake anasema asome Juja, ni karibu na ni rahisi. Tunagombana mezani. Tuamulie.*
*Mzazi wa South B*

Mama mwenzangu, siamui ya mezani, ila nitawapa hesabu mgombane vizuri.

Ujerumani alama huenda kinyume na kwetu: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ni kufaulu kwa shida. Vyuo vingi vya huko hugeuza alama za wageni kwa kanuni moja. Toa alama zake kutoka 100, gawanya kwa 60, zidisha kwa 3, ongeza 1. Sitini hiyo ni umbali kati ya 100 na alama yetu ya kufaulu, yaani 40. Kwa 64 binti anapata 2.8. Kozi nyingi zenye ushindani zinataka 2.5 au bora, na kwa kanuni hiyo 2.5 ni alama 70, daraja letu la kwanza. Kwa hiyo huyu msichana mzuri wa daraja la pili la juu anaonekana huko kama wa kawaida. Asikate tamaa: atafute kozi zisizoweka kikomo hicho, na aambatishe maelezo ya chuo chake yanayoonyesha kwamba kwetu 70 ndiyo A.

Bure nayo ina mipaka. Vyuo vingi vya umma huko havitozi karo, lakini si vyote. TU München, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, sasa inawatoza wanafunzi wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 4,000 au 6,000 kwa semista ya uzamili. Na asiye na udhamini lazima aonyeshe pesa za kuishi kwenye akaunti maalumu kabla ya viza: tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, anazitoa euro 992 kila mwezi. Mkae na baba yake mzibadilishe kwa shilingi mkiwa mmekula kwanza. DAAD, shirika la Ujerumani la udhamini wa masomo, wana ofisi hapa Nairobi. Aende aulize udhamini ana kwa ana.

Uingereza uzamili ni mwaka mmoja, na udhamini wa Chevening hulipa kila kitu, lakini unadai saa 2,800 za kazi baada ya shahada na ahadi ya kurudi nyumbani miaka miwili. Binti amemaliza juzi, hiyo imsubiri.

Na baba yake akisema Juja, muulizeni anamaanisha lango lipi. Ndani ya kampasi ileile ya JKUAT kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika, PAUSTI, yenye uzamili wa uhandisi wa umeme na udhamini wa Umoja wa Afrika, na darasa lina watu kutoka kila pembe ya bara. Ushindani ni mkali. Matangazo yake ya miaka iliyopita yaliweka kikomo cha umri, wasichana miaka 35, kwa hiyo ana nafasi ya kutosha. Aombe hapo na Ujerumani kwa pamoja, hazizuiani.

Kabla ya yote aende kwa msajili aombe transkripti rasmi kwenye bahasha zilizofungwa na kugongwa muhuri. Aombe nne, si moja, na aende asubuhi.